Eneo Lisilo na Mgogoro

Lambo la kijiji chetu lilichimbwa mahali ambapo kila mtu kijijini alijua kwamba maji hayakai. Wakulima walijua, wafugaji walijua, mwenyekiti alijua. Mimi nilijua zaidi ya wengi, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa zamu wiki ile walipochimba shimo la choo cha shule, hatua chache kutoka pale. Niliona mchanga ukitoka kuanzia juu hadi chini, mwekundu, mkavu, bila hata tonge moja la udongo wa kufinyanga. Na muhtasari wa mkutano uliochagua mahali hapo niliuandika mimi, kwa mwandiko wangu. Niliandika kwamba eneo halina mgogoro. Hilo lilikuwa kweli.

Nirudi nyuma, nieleze kwa mpangilio.

Mimi ni mtoto wa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, pale ambapo malori ya barabara kuu hupumzika kabla ya kuukabili mlima. Nyuma ya nyumba yetu ulipita mto, na kwa akili yangu ya utoto mto ulikuwa kitu kama ukuta au njia: upo tu. Nilipopangiwa kazi Usangu, upande wa Mbeya, nilikwenda na akili hiyohiyo. Mwaka wangu wa kwanza, siku moja ya mwezi wa tisa, nilitoka na ndoo kwenda mtoni nikakuta hakuna mto. Palikuwa na mchanga mweupe wenye nyayo za mbwa. Nilisimama pale kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yenyewe.

"Mwalimu, unamsubiri nani?"

Alikuwa jirani yangu, mwanamke wa Kisukuma ambaye boma lake lilitazamana na nyumba ya walimu. Watoto wake walimwita Mayu, yaani mama, na mimi nikazoea kumwita hivyohivyo.

"Nasubiri maji," nilisema.

"Yapo chini, yamelala. Njoo tuyaamshe."

Hakuchimba popote tu. Alitembea polepole kwenye mkondo mkavu akitazama ng'ombe walikuwa wamelala wapi mchana uliopita, maana ng'ombe aliyeshiba hutafuta mchanga wa baridi. Alipoona mahali palipomridhisha alipiga magoti na kuchimba kwa bakuli la bati hadi mkono wake ukapotea mpaka begani. Kisha alisuka vijiti kuzunguka ukuta wa shimo, kama anayesuka kapu akiwa ndani ya kapu, ili mchanga usirudi. Maji ya kwanza aliyamwaga. Ya pili aliyamwaga. Alilaza kijiti kimoja juu ya mdomo wa kisima na kuniambia tukae.

Kijiti hicho kilikuwa sheria. Kikiwa kimelazwa, maana yake maji yanajikusanya na hakuna anayeruhusiwa kuchota, awe nani. Kikiwa kimesimamishwa pembeni, chota. Visima vya watu vilikuwa juu ya mkondo, vya mifugo chini, na wenye ng'ombe walikuja baada ya jua la mchana, watu wakiwa wamemaliza. Jioni mtu wa mwisho alifunika kila kisima kwa tawi la miiba. Aliyechimba alikuwa mwenye kisima, lakini maji hayakuwa na mwenyewe. Nilikaa kijijini miaka sita bila kuona mtu akipigana kwenye visima vile, na hiki kilikuwa kijiji ambacho watu walipigana kuhusu kila kitu kingine.

Wakulima wa mpunga na wafugaji waligombania njia za ng'ombe, mabua baada ya mavuno, mifereji, kingo za mifereji, hata kivuli. Kulikuwa na kesi kwenye baraza la ardhi zilizorithiwa na watoto. Lakini mchangani palikuwa na amani, kwa kuwa hapakuwa na cha kulima wala cha kuuza.

Mayu alikuwa na jambo moja alilolitaka duniani, na hakulificha. Binti yake mkubwa alikuwa mwanafunzi wangu. Familia ilikuwa imehama mara tatu kufuata malisho, na kila walipohama mtoto alirudishwa darasa, kwa sababu kila shule mpya ilitaka ahakikiwe upya. Mwaka wangu wa tano pale alikuwa na miaka kumi na tano, yuko darasa la sita, mrefu kuliko wenzake wote. Ndiye aliyewasomea nyumbani maandishi kwenye chupa za dawa za ng'ombe. Baba yake alimheshimu kwa hilo. Mara moja alikuwa amepoteza ndama wawili kwa kuwapa dawa ya kuogeshea wanywe.

"Huyu atamaliza la saba hapahapa," Mayu aliniambia. "Mume wangu akitaka ahame na ng'ombe wake. Mimi na huyu tunakaa hadi ile karatasi."

Karatasi ndiyo mtihani wa darasa la saba.

*

Mwaka huohuo mvua zilikuwa mbaya, na mto ulikauka mapema kuliko wazee walivyokumbuka. Ndipo ofisa wa maji alipokuja na gari, akasimama mbele ya darasa la nne, ambalo ndilo ukumbi wetu, akatueleza mpango wa serikali.

Nitautaja kwa haki, kwa sababu nilimsikiliza vizuri na hakuwa mtu mbaya. Alisema mto wetu si wetu peke yetu. Chini yetu kuna hifadhi, viboko wanafia kwenye tope. Chini zaidi kuna mabwawa ya umeme. Kwa hiyo shughuli zote ndani ya mita sitini za mto zitakoma, na kuchimba mkondo wenyewe kutakoma kabisa. Lakini serikali haiwezi kumwambia mtu asinywe. Kijiji kitapewa chanzo mbadala: lambo kubwa la kukusanya mvua, kwa mifugo na matumizi ya nyumbani, na baadaye, bajeti ikiruhusu, kisima kirefu cha pampu. Hadi chanzo mbadala kikamilike, visima vya mchangani vitavumiliwa.

Watu walipiga makofi. Mimi pia. Nilipomtazama Mayu, aliyekaa nyuma na wanawake, alikuwa anapiga makofi huku anacheka na binti yake.

Ofisa aliacha fomu. Kijiji kipendekeze eneo, kiambatishe muhtasari wa mkutano mkuu, na muhtasari ueleze kwamba eneo halina mgogoro wa ardhi. Miradi mingi, alisema, imekufa mahakamani kwa sababu vijiji vilitoa ardhi yenye kesi. Fomu ifike wilayani kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi inakwenda kijiji kingine.

Mkutano ulifanyika Jumatano. Mtendaji wa kijiji alikuwa na mkono unaotetemeka, kwa hiyo siku zote mimi ndiye niliyeandika.

Pendekezo la kwanza lilikuwa bonde la udongo mweusi, chini ya mashamba ya mpunga. Kila mtu alijua kwamba hapo maji husimama hadi mwezi wa saba bila mtu kufanya chochote. Mkulima mmoja alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza.

"Hilo ni shamba la marehemu baba yangu, na kesi yake iko barazani."

"Ni njia ya ng'ombe," alisema mume wa Mayu, ambaye ndiye msemaji wa wafugaji. "Baba yako aliikuta njia akailima."

"Nyie mkiona majani mnaona ng'ombe!"

"Na nyie mkiona tope mnaona mpunga! Hata mtu akijikojolea hapa mtapanda mbegu!"

Darasa zima liliangua kicheko, wakulima kwa wafugaji, na mwenyekiti aligonga meza kwa kifutio cha ubao. Pendekezo la pili lilikuwa karibu na maboma ya wafugaji. Wakulima walikataa: ng'ombe wa vijiji vinne watapita kwenye mazao yao kulifuata. Hilo nalo lilichukua saa nzima na matusi ya kutosha.

Baada ya hapo mwenyekiti aliuliza ni wapi, katika kijiji hiki, ambapo hakuna ugomvi.

Mzee mmoja wa Kisangu, mwenyeji wa pale, alisema, "Nyuma ya shule."

Ni kweli. Kile kiinuko cha mchanga mwekundu hakikuwa na shamba, wala njia, wala kesi. Hakuna aliyekitaka. Wenyeji walikiacha kabla wageni hawajafika, na wageni walikiacha walipofika, na katika Usangu nzima nadhani hapakuwa na ekari zenye amani kama zile.

"Hapo hata mavi ya ng'ombe yanakauka kabla hayajagusa chini," mtu alinong'ona.

Mwenyekiti alisikia, akatabasamu, akauliza wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ilinyooshwa. Wakulima walinyoosha kwa sababu si kwao, wafugaji kwa sababu si kwa wakulima. Mume wa Mayu alinyoosha. Nilihesabu, nikaandika.

Mayu alikuja hadi kwenye meza yangu, akainama kama anayeniomba ruhusa.

"Mwalimu, andika kwamba hapo maji hayakai."

"Mayu, fomu haina sehemu ya hiyo."

"Andika pembeni."

Nilitazama fomu. Pembeni palikuwa na nafasi, nyeupe, upana wa vidole viwili. Lakini niliwaza kwamba nikiandika hivyo mkutano utaanza upya, na jua linazama, na kesho ni Alhamisi. Niliwaza pia kwamba wataalamu watakuja kupima. Hiyo ndiyo kazi yao.

"Wataalamu wataona wenyewe," nilimwambia.

Alinitazama kidogo, kisha akaenda zake. Watu saba walitia saini muhtasari, mume wake akiwa wa nne, kwa dole gumba.

Mtaalamu alikuja kweli. Kijana mpole, mwenye kofia ya jua. Alichota mchanga, akaumwagia maji ya chupa yake ya kunywa, akajaribu kuufinyanga. Ulimwagika kati ya vidole. Alitazama bonde la udongo mweusi kwa mbali, akauliza habari zake.

"Lina kesi," nilisema.

Alifunga kizibo cha chupa yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani: "Mwalimu, nikirudi na barua ya hapana, mradi unakwenda kijiji kingine na ninyi hamna kitu. Nikirudi na ndiyo, angalau shimo litakuwepo. Shimo linaweza kuwekewa udongo baadaye."

Aliandika ndiyo. Sikumlaumu wakati ule, na sasa sina ujasiri wa kumlaumu.

Katapila lilifanya kazi wiki tatu. Wanafunzi hawakusoma, walikaa madirishani. Lambo lilikuwa zuri kulitazama: kingo zilizonyooka, ngazi za kushukia, birika la saruji la kunyweshea. Mvua kubwa pekee ya msimu ilinyesha mwezi wa kwanza, likajaa. Tulikwenda kuliona, wote, na nguo za Jumapili. Kuna mtu alipiga picha. Siku ya nne maji yalikuwa hayafiki tena kwenye birika. Siku ya tisa mbuzi walikuwa wamelala chini kabisa, kwenye mchanga wa baridi, wakicheua. Lile bonde la udongo mweusi, lenye kesi, lilikuwa bado limejaa maji na ndege.

Likizo iliyofuata nilikwenda Ipogolo kwa mama yangu. Nilimsimulia nikiwa naosha vyombo kwenye bomba lake, siku ya zamu ya maji ya mtaa wao. Mama alilima vinyungu bondeni ujana wake wote, zile bustani za kiangazi ambazo Wahehe hulima kwenye unyevu wakati milima imekauka. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwani ng'ombe hamkuwauliza?" alisema.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nakuuliza, mwanangu. Ng'ombe walikuwa wanalala wapi?"

*

Mwaka wa pili wa ukame binti ya Mayu alikuwa darasa la saba. Tulimsajili mwezi wa pili; nilimpiga picha mwenyewe, mbele ya ukuta wa ofisi, akakataa kutabasamu kwa sababu alisema mtihani si harusi. Alikuwa wa tatu kati ya arobaini na wawili katika mtihani wa majaribio.

Mto ulikauka mwezi wa saba. Watu walirudi mchangani kama kawaida, na vijiti vikalazwa juu ya visima kama kawaida. Ndipo ilipokuja barua. Kijiji chetu, kwa mujibu wa taarifa, kilikuwa kimekamilisha chanzo mbadala. Muda wa kuvumilia visima vya mkondoni ulikuwa umekwisha.

Mtendaji alinisomea barua hiyo mara mbili. Hapakuwa na uongo ndani yake. Lambo lilikuwepo, lilikuwa limekaguliwa likiwa limejaa, lilikuwa na picha. Kiambatisho cha kwanza kilikuwa nakala ya muhtasari, na niliutambua mwandiko wangu hata kabla hajafika karibu na dirisha. Gari la boza lililokuwa linatuletea maji Jumatatu na Alhamisi nalo lilihamishiwa kijiji ambacho hakikuwa na chanzo mbadala. Wao hawakuwa na lambo.

Mgambo walikuja asubuhi, wanane, na makoleo. Watatu walikuwa vijana wa hapahapa. Mmoja wao, mtoto wa mkulima wa mpunga, alifika kwenye kisima cha Mayu akasita, kwa sababu kijiti kilikuwa kimelazwa.

"Mayu, usinitazame hivyo. Mimi natekeleza."

"Tekeleza, baba. Ila kile cha juu kimalizie mwisho. Mkeo bado hajachota."

Wenzake walicheka, naye akacheka, kisha akaona aibu. Alisubiri kweli. Mke wake alikuja akachota ndoo mbili, akaondoka bila kumsalimia mtu, na ndipo alipokifukia. Walitupia humohumo matawi ya miiba ili kisichimbwe tena mahali pale. Hadi saa sita mkondo ulikuwa sawasawa tangu ng'ambo hii hadi ile.

Mume wa Mayu aliondoka na ng'ombe wiki hiyohiyo, kuelekea kusini. Baada ya siku kumi alituma ujumbe kwamba amepata malisho ya muda na hawezi peke yake na ndama. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki nne. Mayu alikuja kwangu na watoto wawili wadogo, mmoja mgongoni.

"Mwalimu, nakuachia huyu mkubwa. Alale kwako, asome. Akimaliza karatasi, nitarudi kumchukua."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilijisikia vizuri; nataka niandike hilo pia. Nilijiona nimepata namna ya kufidia ile nafasi nyeupe ya upana wa vidole viwili.

Binti alikuja na godoro, madaftari na dumu la lita ishirini.

Bomba la karibu lililokuwa linatoa maji lilikuwa kijiji cha pili, mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na kurudi zaidi kwa sababu ya uzito. Siku ya kwanza niliamka nikakuta dumu limejaa mlangoni na binti anafagia uwanja. Alikuwa ameondoka alfajiri na wanawake wengine. Nilimwambia, "Pole, mwanangu, umefanya vizuri." Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo. Kwetu mtoto anayelala nyumbani mwako huchota maji ya nyumba hiyo. Hakuna anayemtuma na hakuna anayeuliza, na angeona nimemtenga kama ningemkataza. Hayo ndiyo niliyojiambia. Pia nilikuwa nahitaji kuoga kabla ya kuingia darasani.

Wiki ya pili alianza kusinzia kwenye hesabu. Wiki ya tatu, kwenye zoezi la mwisho, alikuwa wa ishirini na sita. Nilimwita ofisini, mimi mwalimu wake, nikamwuliza ana tatizo gani.

"Sina tatizo, mwalimu," alisema. Mikono aliiweka nyuma.

Mayu alirudi siku kumi na moja kabla ya mtihani. Alikuja kwa bodaboda, ameleta maziwa ya mgando kwenye kibuyu, alitaka tu kumwona. Binti alikuwa ndio kwanza anaingia kutoka bombani, jua limeshapanda, kengele ya kwanza imeshagongwa. Mayu alimtua dumu. Kisha akaichukua mikono yake, akaifungua viganja, akaitazama upande wa kulia na wa kushoto. Kamba ya dumu ilikuwa imemchana katikati ya vidole vyote.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali.

"Mwalimu, nilikuachia daftari. Umempa ndoo."

"Mayu, sikumtuma."

"Najua hukumtuma. Hata wale wa makoleo hawakujituma wenyewe."

Nilimsihi. Nilisema kuanzia leo nitachota mwenyewe, nitaomba ruhusa shuleni, nitamlaza hapahapa asitoke. Nilisema amebakiza siku kumi na moja. Nilisema usajili wake uko kwetu, namba yake haiwezi kutumika kwa mtihani shule nyingine. Alinisikiliza kwa heshima hadi nikamaliza, kama alivyonisikiliza siku ya mkutano.

"Na wewe utakunywa nini?" aliniuliza. "Utachota, utafundisha, utapika? Siku mbili. Ya tatu atachota yeye. Mtoto wangu namjua."

Binti alisimama mlangoni na sare yake. Sikumsikia akisema neno ila moja, nalo alilisema kwa Kisukuma, kwa mama yake, na sikulielewa. Waliondoka watatu kwenye pikipiki, yeye katikati, godoro limefungwa nyuma. Kibuyu cha maziwa kilibaki mezani kwangu. Sikuweza kuyanywa wala kuyamwaga. Niliyapeleka kwa mlinzi wa shule.

Siku ya mtihani tulibandika namba kwenye madawati, arobaini na mbili. Msimamizi alitoka shule nyingine, mwanamume mkavu, mwangalifu. Alifika kwenye dawati la binti akasimama.

"Huyu?"

"Amehama," nilisema.

"Kwenye karatasi hii hakuna kuhama, mwalimu. Kuna yupo na hayupo."

Akaandika hayupo.

*

Baada ya hapo nilifanya mambo mawili, na nitayataja bila kuyapamba, kwa sababu hakuna lililofika mwisho.

La kwanza, nilimwandikia mtendaji barua nikiomba muhtasari urekebishwe, iongezwe kwamba wakazi walijua eneo halihifadhi maji. Aliipeleka. Jibu lilikuja, la adabu: muhtasari hurekebishwa na mkutano uleule, kwa saini za watu walewale saba. Tumepata sita. Ya saba ni dole gumba la mume wa Mayu. Mpaka ipatikane, lambo letu linabaki kwenye orodha ya vyanzo vinavyofanya kazi, na mwaka huu pia mkondo hauruhusiwi kuchimbwa. Watu wanachimba, gizagiza, kila mtu peke yake. Hawalazi vijiti tena, kwa sababu kijiti huonekana. Mwezi uliopita nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba wanawake wawili wamepigana mchangani.

La pili, nilimwandalia binti barua ya uhamisho, ili popote alipo apokelewe darasa la saba bila kurudishwa nyuma tena. Mwalimu mkuu ametia saini, mhuri umegongwa, picha yake imebandikwa, ile asiyotabasamu. Simu ya baba yake haipatikani. Dereva mmoja wa lori la ng'ombe aliniambia aliwaona upande wa Songea. Mwingine alisema hapana, hao walishapita, wako Lindi, na kwamba msichana mrefu ndiye aliyekuwa anawasomea vibao vya njia.

Barua inataka jina la shule anakohamia. Nafasi hiyo bado iko wazi, na barua iko kwenye droo yangu, ofisini, upande wa dirisha linalotazama lambo.